Ukuta Mpya wa Jipsamu Chini ya Dari ya Zamani Yenye Chembechembe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Usuli

Nyumba ni ya chini, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika jimbo mojawapo la kaskazini mwa Marekani ambako baridi kali hukaa miezi kadhaa. Familia ilitaka kumega sebule kubwa ili bibi apate chumba cha kulala chenye kabati la nguo. Kazi ilikuwa na sehemu tatu: ukuta mpya wa mita 4.3 wenye mlango, ukuta mfupi wa kabati wa mita 1.2, na kubomoa kipande cha ukuta wa zamani cha mita 1.5 kilichokuwa kimejitokeza sebuleni. Majina na mahali vimeondolewa.

Ukuta wenyewe haukuwa na utata: mbao za 2 kwa 4 (kipimo chake halisi ni milimita 38 kwa 89) na bodi za jipsamu za nusu inchi, yaani milimita 12.7. Utata ulikuwa juu. Dari ilikuwa imepuliziwa lile rojo la chembechembe ambalo Wamarekani huliita kwa jina la bisi. Chembe zilikuwa na kimo cha milimita 3 hadi 6, hazijawahi kupakwa rangi, na zilikuwa zimegeuka njano kwa moshi wa sigara wa miaka mingi.

Mambo hayo mawili, kutopakwa rangi na ile njano, ndiyo yaliyoamua karibu kila kilichofuata. Chembe ambazo hazijapakwa rangi hunyonya maji na kulainika papo hapo. Fila mbichi, yaani rojo la kuzibia maungio ya bodi, ikizigusa, zinavimba, kisha zinang'oka pamoja na skrepa. Na dari iliyogeuka njano haikubali kiraka: kiraka cheupe juu yake kinaonekana tangu mlangoni.

Mafundi walikuwa wawili. Fundi mkuu alijifunza kazi ya jipsamu Afrika Mashariki, ambako kona ya ukuta na dari kwa kawaida humalizwa kwa kornisi, ule ukanda wa mapambo wa kona, na pengo la upana wa kidole juu ya bodi halimsumbui mtu kwa sababu litafichwa. Nyumba hii haikuwa na kornisi chumba chochote. Familia ilitaka chumba kipya kifanane na vingine: ukuta ufike moja kwa moja kwenye dari, mstari ulionyooka, basi.

Kabla ya kugusa dari

Marekani ilipiga marufuku upuliziaji wa dari za mapambo zenye asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mwaka 1978. Nyumba ya kabla ya hapo, na hata ya miaka michache baadaye, hushukiwa mpaka maabara iseme. Fundi alinyunyiza maji yenye tone la sabuni, akachukua sampuli tatu kutoka sehemu tofauti za dari, kila moja kwenye mfuko wake uliofungwa, pamoja na sampuli ya fila ya zamani kwenye ukuta uliokuwa ubomolewe. Fila nyingi za miaka hiyo nazo zilitiwa asbesto, na watu wengi husahau. Kazi ya dari ilisimama mpaka majibu yalipokuja. Sampuli hazikuwa na asbesto. Kama kungepatikana zaidi ya asilimia 1, kukwangua kungebaki kazi ya kampuni yenye leseni, na mpango wote ungebadilika. Rangi ya ukuta wa zamani nayo ilipimwa madini ya risasi, maana nyumba za kabla ya 1978 zina sheria yake.

Uamuzi wa namna ya kumaliza kona

Njia zilizokuwa mezani ni tatu. Ya kwanza, ile ya kawaida ya kona ya ndani: kukwangua dari sentimita 15 kutoka ukutani, kubandika tepu ya karatasi iliyokunjwa katikati, kupaka fila mara tatu, kisha kupulizia chembe upya. Ya pili, kuficha maungio kwa ukanda wa mbao wa mapambo. Ya tatu, kutumia bidi, yaani ukingo mwembamba wa plastiki wa umbo la L wenye ukanda wa kuchana.

Bidi hiyo huuzwa kwa vipande vya futi 10, yaani mita 3.05. Upande wake mrefu hulala juu ya uso wa bodi, upande mfupi hufunika ukingo uliokatwa, na ukanda mwembamba husimama kati ya fila na dari. Fila hupakwa mpaka ifikie usawa wa mdomo wa bidi. Ukanda huchanwa mwishoni, na unabaki mstari safi ambao haujagusa dari hata kidogo. Pengo dogo linalobaki hujazwa silanti ya akriliki, dawa laini ya kuziba nyufa, inayokubali rangi. Silikoni tupu haifai hapa kwa sababu rangi haishiki juu yake.

Fundi alichagua bidi kwa pande zote mbili za ukuta mkubwa, na sababu yake ilikuwa nzuri: mita 8.6 za tepu zingemlazimu akwangue na kupulizia upya ukanda mrefu pande mbili za ukuta. Vipande vitatu vya bidi na kopo moja la silanti la mililita 300 vilitosha. Kwa ukuta wa kabati aliamua kutumia tepu ya karatasi, kwa kuwa ulikuwa mfupi na, kwa maneno ya msaidizi wake, nani atachungulia dari ya kabati.

Mfuatano wa kazi kwenye ukuta mkubwa

Unene wa ukuta uliokamilika ni milimita 89 za mbao na bodi mbili za 12.7, jumla yake kama milimita 114. Kwenye dari zilichorwa alama za milimita 124, ili kila upande ubaki na mfereji wa milimita 5 usio na chembe mbele ya uso wa bodi. Mistari ilikatwa kwanza kwa kisu kikali na rula ndefu, ndipo chembe za katikati zikalowanishwa kidogo na kukwanguliwa. Bila kukata kwanza, chembe hung'oka kwa mabonge na mstari unakuwa kama meno ya msumeno. Mfereji huo mwembamba ni ujanja wa wapaka rangi: jicho linauona kama kivuli cha kona, na brashi inapata pa kupita bila kuchafua chembe.

Ukuta ulikatiza chini ya kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, ambazo katika nyumba hii zilipangwa kila sentimita 61. Fundi alijua tabia ya kenchi katika nchi za baridi. Mbao ya chini ya kenchi imefukiwa ndani ya kizuia baridi, inabaki na joto na kukauka; mbao za juu ziko kwenye hewa baridi yenye unyevu, zinanyonya na kurefuka. Kenchi inajipinda kwenda juu katikati, na dari iliyofungwa kwake inapanda nayo. Majira ya joto inashuka. Ukuta usiobeba mzigo ukifungwa kwa nguvu kwenye kenchi za namna hiyo, lazima mahali fulani pang'oke.

Kwa hiyo mbao ya juu iliwekwa mbili. Ya kwanza ilifungwa kwenye kenchi kwa skrubu ndefu kupitia dari. Ya pili, iliyobeba mbao za kusimama, iliachwa milimita 12 chini yake, na misumari ya inchi 6 ikapitishwa kwenye matundu mapana kidogo kuliko msumari, ili ukuta usiyumbe pembeni lakini dari iweze kupanda na kushuka. Bodi zilipigwa skrubu kwenye mbao za kusimama na mbao ya pili tu. Skrubu ya juu kabisa ilikaa kama sentimita 7 chini ya dari, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye mbao ya kwanza.

Kimo kilipimwa kila nusu mita kabla ya kukata bodi, na dari ikaonekana imeshuka milimita 9 katikati. Bodi ya juu ilikatwa kufuata mshuko huo, ikaachwa milimita 6 chini ya dari. Bidi iliingizwa kwenye nafasi hiyo na kusukumwa juu mpaka ikabaki pengo la milimita 3, likishikwa kwa vipande vya plaiwudi vya unene huo, kisha ikapigwa pini za stepla kila sentimita 15 hadi 20. Fundi mwingine angeiweka kwa pima maji. Hapo angekosea: bidi iliyonyooka chini ya dari iliyoshuka katikati huacha pengo lenye umbo la kabari, na jicho huona kabari upesi kuliko linavyoona ukuta usio sawa kwa milimita chache.

Fila ya kwanza ilikuwa ya unga, ile inayoganda yenyewe kwa dakika 45, kwa sababu haisinyai sana na inashika plastiki vizuri. Mbili zilizofuata zilikuwa za ndoo, zikasambazwa kwa skrepa pana mpaka sentimita 25 kutoka kwenye bidi. Karibu na dari msasa mkavu haukutumika, bali sponji yenye unyevu: vumbi la fila likishaingia katikati ya chembe halitoki. Baada ya praima, yaani rangi ya msingi, na mkono wa kwanza wa rangi, kisu kilipitishwa taratibu kwenye mstari kukata ngozi ya rangi, ukanda ukachanwa, silanti ikajazwa na kulainishwa kwa kidole kilicholowa, kisha ukaja mkono wa mwisho.

Kabati na kiraka cha dari

Kwenye kabati msaidizi alikwangua sentimita 3 tu, akabandika tepu kwa fila ya ndoo iliyokuwa laini mno. Chembe za pembeni zilinyonya maji, zikavimba, na skrepa ilipopita ikazikokota ndani ya fila na kuacha mikwaruzo kila mahali. Ilipokauka, ukingo wa tepu upande wa dari ukainuka, kwa kuwa ulikuwa umeshika mabaki ya rojo badala ya karatasi ya bodi. Ilibidi tepu yote ing'olewe.

Marekebisho yalifanywa kwa akili. Ndani ya kabati dari yote, mita 1.2 kwa 0.6, ilikwanguliwa na kumalizwa laini. Hakuna anayelinganisha dari ya kabati na ya chumba. Upande wa chumbani ilibidi ikwanguliwe zaidi, karatasi iliyoachwa wazi ikapigwa praima ili isitoke mapovu, kisha ikawekwa bidi kama kwenye ukuta mkubwa. Kazi hii ya mita chache ilikula muda mwingi kuliko bidi ya pande zote mbili za ukuta wa mita 4.3.

Kiraka cha dari, mahali ulipobomolewa ukuta wa zamani, hakikuwa na njia ya mkato. Katika nyumba nyingi za aina hii kuta husimamishwa kabla ya bodi za dari, kwa hiyo ukuta ukiondolewa unaacha mwanya wa milimita 89 usio na bodi kabisa. Vipande vya mbao viliingizwa juu ya mwanya na kufungwa kwa skrubu kila sentimita 40, bodi ya unene ule ule ikajazwa (unene ulipimwa kwanza, maana dari nyingine ni milimita 15.9), na maungio mawili yakapigwa tepu ya karatasi. Kila upande dari ilikwanguliwa sentimita 15: maji yalinyunyizwa, ikasubiriwa robo saa, na skrepa yenye pembe zilizosuguliwa mviringo ikapitishwa ili isichane karatasi. Ukanda wa kupulizia upya ukawa na upana wa karibu sentimita 40.

Fundi alijaribu kwanza makopo ya kupulizia ya dukani. Chembe zake zilikuwa ndogo kuliko za zamani, na weupe wake ulifanya njano ya dari ionekane kama uchafu. Kiraka kilikwanguliwa kingali kibichi. Mara ya pili alitumia rojo la mfuko lenye chembe za ukubwa wa kati, kwa hopa ya kupulizia na kompresa ya hewa, akijaribu kwanza juu ya kadibodi iliyowekwa kando ya dari mpaka ukubwa na msongamano vikalingana.

Rangi bado ilikuwa tofauti. Hapo familia ikaelezwa ukweli ambao ungefaa kusemwa siku ya makadirio: dari iliyogeuka njano huwezi kuiongezea kiraka bila kuipaka yote. Dari ya sebule na ya chumba kipya zilipigwa praima ya mafuta ya kuzuia madoa. Praima ya maji ingezilowesha chembe na kuzikokota kwenye rola, na njano ingepenya. Rola ilikuwa yenye manyoya ya milimita 25, ikapitishwa mara moja kwa mwelekeo mmoja bila kurudia palipolowa.

Matokeo

Kwa miezi ya kwanza kazi ilionekana safi. Januari, katikati ya ukuta mkubwa, silanti ikachanika kwa urefu wa kama mita 1.5, pande zote mbili. Mwanya ulipimwa kwa vipimo vya bati ukafika milimita 4 zaidi ya pengo la awali. Bodi hazikupasuka, hakuna skrubu iliyochomoza, na mlango uliendelea kufunga bila kukwama. Ukuta wa kabati, ulioanzia kwenye ukuta wa nje, haukuwa na ufa.

Mafundi walirudi. Silanti yote ya ukuta mkubwa ilitolewa, na ukanda wa mbao wa sentimita 4.5 ukapigiliwa kwenye dari peke yake, msumari ukilenga kila kenchi, bila gundi wala msumari upande wa ukuta. Kabla ya kuuweka, ukuta ulipakwa rangi mpaka juu kabisa, ili dari ikipanda usionekane mstari usio na rangi chini ya ukanda. Chembe zilikatwa kwa mfereji mwingine wa milimita 5 kando ya ukanda. Mama mwenye nyumba akaomba kuta nyingine tatu za chumba ziwekewe pia, isionekane kwamba upande mmoja una jambo la kuficha.

Uchambuzi

Bidi ilifanya kila kilichotarajiwa kutoka kwake. Kosa la ukuta mkubwa liko kwenye silanti, na hasa kwenye kutolinganisha maamuzi mawili ya mtu yule yule. Fundi alijenga fremu iliyoruhusu dari kutembea hadi milimita 12, kisha akaziba kona kwa kitu kisichoweza kutembea hata milimita moja. Silanti nzuri ya akriliki huvumilia robo ya upana wake. Kwenye pengo la milimita 3 hiyo ni 0.75. Kenchi ilitaka 4. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa kwenye karatasi siku mbao mbili za juu zilipofungwa.

Kupanua pengo kusingesaidia. Ili silanti ivumilie milimita 4 pengo lingehitaji kuwa milimita 16, na hapo huo ni mfereji unaoonekana. Kuziba wakati wa baridi pengo likiwa pana kabisa, ili kiangazi kiibane silanti badala ya kuivuta, ni mbinu nzuri kwa mwendo wa milimita moja hivi. Kwa milimita 4 silanti ingebinuka na kutoka nje.

Ukanda uliotatua tatizo unafanana na kornisi ambayo fundi aliizoea, lakini haufanyi kazi kwa namna ile ile. Kornisi ya jasi hubandikwa pande zote mbili, ukutani na darini. Chini ya zege la nyumba ya ghorofa inadumu, maana zege halipandi wala kushuka kwa majira. Chini ya kenchi hizi ingepasuka katika baridi ya kwanza. Ukanda ushikwe upande mmoja, na upande huo uwe dari.

Kwa nini kabati lilisalimika? Kenchi hupanda zaidi katikati ya upana wa nyumba. Karibu na kuta za nje, zinakokalia, mwendo ni karibu sifuri. Silanti pale ilitosha. Hivyo ukanda unahitajika kwenye kuta za kati tu, nao ungeweza kupangwa mapema kwa kuangalia mahali ukuta ulipo chini ya paa. Familia ilikuwa imeukataa kwa sababu ya sura, lakini hakuna aliyewaeleza kwamba bila huo ufa ungekuja. Wangeelezwa, huenda wangeukataa vilevile, ila wakijua.

Kosa la tepu kwenye kabati ni la kupima kazi kwa urefu wa ukuta. Gharama ya tepu chini ya dari ya chembechembe haitokani na mita za ukuta, inatokana na dari unayolazimika kuiharibu na kuirudisha. Mita 1.2 kwa pande mbili ilihitaji kukwanguliwa, kukaushwa, kupigwa praima na kupuliziwa kama ukuta mrefu, wakati kipande kimoja cha bidi kingemaliza. Kama dari ingekuwa laini, au ya zile zilizobonyezwa bapa kwa skrepa baada ya kupuliziwa na kupakwa rangi mara kadhaa, tepu ingekuwa chaguo la haki.

Kiraka cha dari kimekubalika mchana. Taa ya mezani ikiwashwa karibu na ukuta usiku, mwanga wake wa pembeni bado unaonyesha ukanda wa sentimita 40, kwa kuwa chembe za zamani zimebonyea kwa miaka na mpya zimesimama. Kingo za eneo lililokwanguliwa zingekatwa kwa mstari wa kuyumbayumba badala ya ulionyooka, mpaka huo ungekuwa mgumu zaidi kuonekana.